Miguu Imekubali Kilima cha Werugha

Werugha, Jumamosi jioni, 1984

Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, baridi inauma, na mimi siwezi kutulia. Nimefika kwa mama! Kwa miguu yangu!

Wacha niandike polepole, mkono unakimbia.

Miaka miwili sikuipanda njia hii. Mapaja yalilegea, nyonga zikawa zinauma, hata kuinuka kitini ilibidi mke wangu Mkanyika anivute. Kwamba figo zangu ni mbovu nilijua zamani. Ya mifupa ndiyo sikuyaelewa. Daktari wa Mombasa alipotazama damu na picha za mifupa, akasema nimepungukiwa vitamini D, ile inayotokana na jua. Nilicheka.

"Daktari, mimi natengeneza reli kule Voi. Nashinda juani."

"Jua linaanza kazi kwenye ngozi," akanijibu. "Figo ndizo zinamalizia. Zako zimeshindwa kumalizia."

Akaniandikia vidonge vidogo vya vitamini ambayo imeshamaliziwa kiwandani. Huu ni mwezi wa nne.

Leo asubuhi tuliposhuka kwenye basi, Mkanyika akaniambia, "Baba Mwakio, hata tukipumzika mara kumi, si neno."

Tumepumzika mara tatu.

Mama alikuwa anachagua maharagwe. Aliponiona, ungo ukamponyoka.

"Nani amekubeba?"

"Hakuna, mama."

Akainama akanishika magoti, moja baada ya lingine, kama anakagua mbuzi sokoni. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Sasa nikiri. Muda wote huo nilikuwa namtumia sukari na salamu kwamba kazi zimenizidi. Niliona aibu kusema mwanawe ameshindwa na kilima. Leo nimemweleza yote. Nimemwambia pia kwamba figo hazijapona, vidonge vimesaidia mifupa tu, na Jumatatu lazima nitolewe damu tena, kwa sababu dawa hii ikizidi mwilini nayo inadhuru.

Aliokota ungo wake. Kisha akasema, "Ungeniambia, ningeshuka mimi."

Sikuwahi hata kuliwaza hilo.

Lakini leo sitaki huzuni. Kesho tunaenda kanisani sote watatu, na kanisa liko juu zaidi ya hapa. Mkanyika ameniuliza kama nitaweza.

Nimeshapiga viatu rangi.