Uteo Umefika Kwako

Kwa ndugu yangu Mutinda, mtoto wa mama,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Natumaini baridi ya Nunguni haijamwingia mama yetu, mwaitu, kifuani mwaka huu, na ile dawa ya kuchua niliyotuma anaipaka yeye mwenyewe, hagawii majirani wote wenye magoti mabovu. Mimi mwili ni mzima. Huku Muscat joto limeanza, tunalala nalo tunaamka nalo, lakini nyumba ninayofanya kazi ina mashine ya baridi, kwa hivyo sina la kulalamika. Ni roho tu ambayo siwezi kuisemea vizuri.

Najua utajiuliza kwa nini kalamu na simu tunazo. Barua hii nimempa Mueni, yule dada wa Kibwezi wa nyumba ya pili, amemaliza kontrakti anarudi. Haya siwezi kuyaandika kwenye simu. Kwenye ile grupu yetu ya hadithi kuna mtu ambaye sitaki ayasome akiwa peke yake.

Nilisikiliza sauti uliyonitumia mara tatu. Kwamba mtoto wenu anamaliza wiki ya tatu na hana jina. Kwamba wewe na Ndinda mlitaka kumwita Kioko, kama inavyotakiwa, kwa sababu ndiye kijana wa kwanza kuzaliwa tangu tumzike ndugu yetu, na mwaitu akakataa. Ati alisema, "Huyo bado anaongea. Kila wiki namsoma. Mkimpa mtoto jina lake, yeye ataketi wapi?" Mkajaribu jina lingine, akakataa pia, kwa sababu huyo mtoto ni wa Kioko. Mkamleta pasta, akaomba vizuri, mwaitu akampa chai na maandazi na akabaki palepale alipokuwa.

Mutinda, wewe ni mzee wa kanisa na hutaki kusikia haya, lakini sote tulilelewa na mama mmoja. Jina ni siku ya tatu. Mtoto asiye na jina bado ni wa aimu, roho za wale wa kale, na wanaweza kumwita arudi. Ndinda ameniambia mtoto akinyonya hamwangalii yeye. Anaangalia mlangoni. Anaweza kuwa anaangalia mwanga tu, hata mimi nilimwambia hivyo. Lakini mimi mwenyewe sikuyaamini nikimwambia.

Halafu ukamalizia, "Mumbua, kama ni wewe unayeandika zile za Kasee, niambie. Kama si wewe, pia niambie."

Ni mimi.

Wacha nikueleze nikianzia mbali kidogo, usikasirike kabla sijafika. Unakumbuka gunia za mbaazi ambazo shangazi alikuwa anatutumia kutoka Kwa Vonza. Sisi watatu tukikaa jikoni tunamenya, uteo wa mwaitu, ule ungo wake wa kupepetea, ukizunguka. Ukiwa na uteo mapajani, hadithi ni yako, na mtu wako wa hadithi ndiye anaongea. Ukimaliza fungu lako, unapitisha uteo na hadithi inaenda nao. Sheria ilikuwa moja tu, na aliitunga mwaitu kwa sababu ya kelele zetu: mtu wa mwenzako humsemei. Unaweza kumnyeshea mvua, unaweza kumwibia mbuzi, lakini mdomo wake ni wa mwenyewe. Na hadithi yenyewe tuliiweka hapo hapo Kwa Vonza, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa amefika, basi hakuna wa kutukosoa.

Wewe ulikuwa mtu wa matukio. Uteo ukifika kwako, soko linaungua, chifu anaanguka kisimani, wezi wanatoka kila upande. Kioko alikuwa na Kasee wake, fundi wa viatu anayekaa kwenye kigoda kando ya mlango na haendi popote. Mteja akija, neno ni lile lile, "Keti kwanza. Kiatu hakina haraka, mwenye haraka ni mguu." Hakuna kitu kilichowahi kumpata Kasee, na bado sote tulikuwa tunamenya haraka haraka ili uteo ufike kwa Kioko.

Ugomvi wetu haujaanza leo. Hata tulipokuwa watu wazima, tukaihamishia hadithi kwenye simu, wewe ukiwa dukani kwako, Kioko kwenye karakana ya kuchomelea kule Sultan Hamud, mimi huku, bado tulikuwa tunabishana. Wewe ukisema hadithi ni kinachotokea, mtu akikaa tu barazani akiongea hicho ni kijiwe. Mimi nikisema, bila mtu, hayo mafuriko yako yanamnyeshea nani? Kioko alikuwa anatuma picha za kucheka. Siku moja akaandika, "Mutinda anajua yote yaliyotokea isipokuwa yametokea kwa nani." Ulinuna siku mbili.

Sasa nakuja kwa langu. Nilipokuja kumzika, mwaitu aliuliza simu ya Kioko iko wapi, na mimi nikawa wa kwanza kusema imepotea hospitalini. Haikupotea. Ilikuwa kwenye sanduku langu, ndani ya soksi, na laini yake ndani. Nilitaka tu sauti zake, zile ambazo alikuwa anarekodi akitembea, na pumzi zinasikika. Niliiba, ndugu yangu, na mwaitu aliitafuta hiyo simu hadi chini ya godoro la jirani.

Tulikuwa tumekubaliana Kasee abaki kwenye kigoda chake, kimya, hakuna wa kumgusa. Halafu wewe ukaanza. Ati hadithi imekwama, ati Kasee afunge sanduku lake la kazi aende, ili tuendelee. Nilikasirika sana. Niliona unamzika mara ya pili kwa sababu unataka tukio. Nikawasha ile simu nikaandika, "Keti kwanza, Mutinda. Kiatu hakina haraka." Nilitaka kukutisha tu, mara moja.

Lakini mwaitu alikuwa ameshaingia kwenye grupu, yeye na mtu wake wa hadithi, yule mama wa soko mwenye gumbuti za mpira. Akajibu kabla yako. "Fundi, umerudi? Nimekungoja." Mutinda, ningefanya nini? Anasoma kwa kidole, neno moja moja, na alikuwa amejibu kwa dakika moja.

Basi nikawa namwandikia. Kila wiki, asubuhi, nikimaliza kumwogesha bibi. Bibi ninayemtunza alizaliwa Unguja, Kiswahili chake ni cha kunyooka, na changu anakicheka mpaka anakohoa, anasema nazungumza kama mtu anayebeba mawe. Amesahau mengi, wanawe wenyewe anawachanganya. Nilikuwa nakaa jikoni naisoma sentensi kwa sauti, kwa sauti ya Kioko, ili nione kama ndivyo angesema. Mwanzo ilikuwa kazi. Nilikuwa nafuta mara kumi. Kufikia mwezi wa nne sikuwa nafuta tena. Nilikuwa nashika simu na maneno tayari yapo, yananingoja.

Siku moja Kasee akamwuliza mwaitu kama ile gumbuti ya kushoto bado inaingiza maji. Niliandika tu, ni maneno ya fundi. Kesho yake mwaitu akajibu ndiyo, ya kushoto, na hajawahi kumwambia mtu. Kumbe ni gumbuti yake ya kweli, ile ya shambani. Nilijiambia kila gumbuti inaingiza maji. Ukiwa na mbili, kubahatisha ya kushoto si muujiza. Nilijiambia hivyo na nikaogopa kuenda kwenye kile chumba changu mchana kweupe.

Halafu bibi akaanza. Nikimletea chai ananiambia, "Mpe na huyo mgeni wako." Mgeni gani, bibi? "Huyo fundi. Mwambie asikae mlangoni, watu watamkanyaga." Sijawahi kumwambia neno fundi, Mutinda. Labda alinisikia nikisoma. Masikio yake ni mazuri kuliko kichwa chake. Lakini nilianza kupita ule mlango kwa ubavu, kama mtu anayempisha mwingine.

Nilipopata sauti yako kuhusu mtoto, niliizima simu ya Kioko, nikaitoa betri, nikaifungia ndani ya sanduku. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili asubuhi nikiwa namlisha bibi uji, simu yangu ikalia. Uliona mwenyewe kilichoandikwa kwenye grupu kwa namba ya Kioko, kwa sababu uliweka alama ya kuuliza. "Fungu langu limekwisha. Nani anapokea uteo?"

Hiyo si yangu. Nakuapia kwa kaburi la baba. Nilienda nikafungua sanduku na betri ilikuwa upande wake. Inawezekana niliwahi kuiandika nikasahau, mtandao ukaichelewesha, hayo hutokea. Nimechoka na sitafuti tena. Nilirudi kwa bibi na uji umeganda, naye akaniangalia na kusema, "Mgeni wako ameondoka. Hata mlango hakufunga." Nililia mbele yake, akanifuta kwa kitambaa chake cha uji.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo. Nilikuwa nasema mtu ndiye hadithi, na bado nasema. Lakini mimi nilimweka ndugu yetu mlangoni miezi yote hiyo, bila kuruhusu jambo lolote limpate, nikaita huo upendo. Mtu ambaye hakuna kinachompata tena tunamjua anaitwaje. Na kumbe kulikuwa na mwingine anangoja kupita mlango huo huo.

Kwa hivyo nisikilize. Tukiketi jikoni, Kioko alikuwa anapitisha uteo kwa nani? Kwako. Ulikuwa unakaa mkono wake wa kulia. Zamu ni yako, kwa sheria ya mwaitu mwenyewe. Fanya litokee jambo, ndiyo kazi yako na wewe tu ndiye unaiweza. Ila nakuomba usilete moto wala mafuriko. Mrudishie mama wa soko gumbuti yake, iwe imezibwa. Halafu Kasee afunge sanduku, asimame. Usimpe neno hata moja la kusema.

Kabla ya hapo, msomee mwaitu barua hii yote, na pale pa simu usiparuke. Atanilaani au atanisamehe, nimekubali yote mawili. Laini ya Kioko nimeibandika hapo chini kwa plasta. Mpe mkononi. Mueni anayo simu yenyewe.

Msalimie shangazi wa Kwa Vonza, mwambie mbaazi za huku ni za mkebe na ni chungu. Msalimie wifi yangu Ndinda, mpe pole ya wiki tatu na umwambie nilimdanganya kuhusu mwanga. Mwaitu mwambie mwanawe wa mwisho anamwomba msamaha akiwa amepiga magoti, na si maneno tu, ndivyo nilivyo sasa hivi ninapoandika.

Na umsalimie mwanao, Kioko.

Ni mimi dada yako,
Mumbua