Fagio Hasubiriwi

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshona namba kwenye jezi nane. Zimebaki tatu. Uzi mweusi umeisha, nimemalizia na wa buluu iliyokoza. Hakuna atakayeona.

Namba nne nilishaikata kwa mkasi kama nilivyozoea, ndipo nikakumbuka. Ni ya Musyoka, mume wangu. Nimeitia kwenye mfuko wa vipande.

Hamisi, mwenyekiti wa klabu, amepita dukani saa nne. Hakukaa. Amesema miezi miwili ya kuomboleza imetosha, Jumamosi ijayo watu wataendesha baiskeli hadi Migwani na kurudi Mwingi kama zamani. Akaangalia viatu vyake. "Mama Ndanu, hiyo saa ya kupimia mbio hakuna mwingine anayejua kuishika." Nimemwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba sitaki kuiona.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani. Mchungaji ameombea wajane huku akinitazama. Sikupenda.

Kyalo wa klabu amekaa karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka. Hii ni Jumapili ya tatu. Tangu mazishi hajanisalimia. Siku ile alibeba jeneza upande wa mbele na kulia kuliko ndugu za Musyoka. Alikuwa rafiki yake. Nadhani akiniona anamkumbuka.

Binti yangu Ndanu amepiga kutoka shuleni kwa simu ya matroni kuuliza kama ninakula. Nimesema ndiyo.

Jumanne, 8 Julai

Niiandike siku aliyokufa Musyoka mara moja, niache kuizunguka.

Katika klabu yetu kuna mtu anayeendesha nyuma ya wote. Kazi yake ni kukaa na yule wa mwisho ili asiachwe barabarani. Kwa miaka tisa alikuwa Musyoka. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ana miguu ya kushinda, lakini hakutaka kushinda. Alisema mbele kuna watu wa kutosha. Wakamwita Fagio.

Fagio hasubiriwi. Ndivyo tulivyozoea. Mtu wa mwisho akifika, nabonyeza saa, nafunga daftari, namimina chai. Fagio huwa yuko hapo hapo nyuma yake. Vikombe vikiwa vimeisha yeye hunywea kifuniko cha chupa ya chai. Kwa miaka tisa sijawahi kuandika muda wake hata mara moja.

Siku ile Kyalo alifika wa mwisho, akiwa peke yake. Nikauliza Fagio yuko wapi. Akasema, "Anatengeneza cheni. Anakuja." Hakuna aliyeshangaa. Musyoka alikuwa mtu wa kusimama. Mara moja alimzibia tairi mama mmoja aliyebeba mitungi ya maji, akakaa kuongea naye mpaka tukamsahau.

Tukanywa chai. Nzuki akasimulia habari za mbuzi aliyekula risiti zake. Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Dakika arobaini. Kisha lori la mbuzi likasimama, dereva akatuambia mtu wenu amelala kule chini ya kilima. Ni kile kilima kirefu tunachokiita Ngazi. Tulimkuta kando ya lami, baiskeli imelazwa vizuri kwenye nyasi. Alifia njiani kwenda hospitali. Daktari alisema ni moyo. Angeletwa mapema, labda. Nachukia neno labda.

Cheni ilikuwa nzima. Nilidhani alishamaliza kuitengeneza.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetoa daftari la muda ili nipige mistari ya ukurasa mpya. Nikaangalia ule wa Mei.

Kutoka Migwani hadi mjini Kyalo huchukua saa moja na robo. Ni mzito na ana goti bovu. Nimerudi nyuma kurasa za miaka mitatu. Hajawahi kushuka chini ya saa moja na dakika kumi. Siku ile nimeandika dakika hamsini na mbili. Mwandiko ni wangu.

Nakumbuka nilipoandika. Nilifikiri, Kyalo leo ana nguvu. Nikampigia makofi.

Hakuna mtu aliyepanda Ngazi kwa baiskeli na kufika kwa muda huo akiwa na goti lile. Hakuipanda.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeshona namba tisa kichwa chini. Nimefumua. Nimeishona tena kichwa chini.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeenda. Nilitaka kumwona Kyalo uso.

Baridi, manyunyu kidogo. Watu kumi na mmoja. Walinisalimia mmoja mmoja kama kwenye matanga. Kyalo akaja akisukuma baiskeli, Nzuki akamtania, "Mzee, umeileta kuuza ama kupanda?" Wengine wakacheka kidogo, wakaniangalia, wakaacha.

Hamisi akauliza nani atafagia. Kyalo akainua mkono. "Mimi."

"Si yeye," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Hamisi akaniuliza kwa upole, "Kwa nini, Mama Ndanu?" Nikafungua daftari. Kyalo aliangalia chini muda mrefu, kisha akageuza baiskeli akarudi kwake. Basi nikajua kwamba anajua kuwa najua.

Hamisi alifagia kwa pikipiki. Nimeandika muda wa watu wote. Namba zinasomeka.

Jumatatu, 14 Julai

Kyalo amekuja dukani asubuhi, kabla sijafungua dirisha la pili. Alisimama. Nimemwambia aketi, akakataa. Nitaandika alivyosema, nisije nikaongeza yangu.

Walipofika chini ya Ngazi goti lilimkataa. Musyoka alikuwa ametokwa na jasho jingi na alisema kifua ni kizito, apumzike kidogo. Akaketi. Pikapu ya mtu wanayemjua ikapita na kusimama. Kyalo akasema wapande wote wawili. Musyoka akakataa, akacheka, eti Fagio hapandi gari. "Nenda wewe na goti lako. Mimi napumua kidogo halafu nakuja." Kyalo akapanda. Alishuka kwenye kona, mahali ambapo hatumwoni mtu, akapanda baiskeli, akaingia akikanyaga.

Nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli.

"Mngeniita Mzigo tena."

Ni mzaha wa klabu yetu. Anayepanda gari njiani huitwa Mzigo mwaka mzima. Mwaka juzi alikuwa Kyalo. Hata sokoni watu walimwita hivyo, hata mke wake akaitwa Mama Mzigo. Walileta jezi yake hapa nishone MZIGO mgongoni. Niliishona kwa uzi mwekundu. Herufi zilikaa vizuri, nilijisifu. Musyoka peke yake hakucheka. Alisema, "Mwende, hizo herufi ni kubwa sana." Nilidhani anazungumzia ushonaji.

Kisha Kyalo akasema kulikuwa na neno moja zaidi. Pikapu ilipokuwa inaondoka Musyoka alimpigia kelele, "Mwambie Mwende nitachelewa kidogo."

Hakuniambia. Angeniambia ningeuliza kwa nini, na angelazimika kusema yote.

Miaka kumi na saba ya ndoa. Alikuwa anachelewa kila siku ya Mungu na hakuwahi hata mara moja kutuma mtu kuniambia. Ningeinuka palepale. Ningeacha chai. Ningepanda pikipiki ya Hamisi mimi mwenyewe, nisiyejua kupanda.

Nilimwambia atoke. Alitoka.

Jumatano, 16 Julai

Namchukia. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Namchukia Kyalo, na goti lake, na ile pikapu. Kisha naona zile herufi nyekundu na sijui nimweke wapi mtu aliyezishona.

Nimemtumia ujumbe. Jumamosi kuna mkutano wa klabu. Aseme mwenyewe mbele ya watu. Asiposema, nitasema mimi. Amejibu neno moja, sawa. Baadaye akatuma tena: nikisema sitaweza kuishi Mwingi. Sikujibu. Mimi naishi Mwingi.

Jumamosi, 19 Julai

Amesema.

Tulikuwa kwenye karakana ya Hamisi, tumekalia matairi na madebe. Aliongea akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye lile neno la kuchelewa, Nzuki aliinuka akamshika shati. "Arobaini! Dakika arobaini tunakunywa chai na wewe umekaa hapo!" Hamisi aliwatenganisha. Mtu mmoja alikuwa analia nyuma, sikugeuka kuona nani.

Wakanitazama mimi. Nadhani walitaka nimlaani ili wamfukuze na iishe. Nilitaka pia. Nilikuwa nimeyapanga maneno.

Nilisema, "Herufi nilishona mimi. Nyinyi mliniletea jezi. Wewe Nzuki ndiye uliyeileta." Akaketi.

Nikasema daftari nilifunga mimi. Nikasema neno Mzigo nisilisikie tena kwenye klabu hii, na anayeona mlima ni mrefu apande gari, aje anywe chai kama wengine. Nikasema sijamsamehe Kyalo na wasinisukume. Mbele ya mama yake Musyoka ataenda yeye mwenyewe, kesho, na Hamisi aende naye.

Sijawahi kuongea urefu huo mbele ya watu.

Jumapili, 20 Julai

Nilienda nao. Sikutaka Mwaitu, mama yake Musyoka, aisikie bila mimi kuwa karibu. Alikuwa uani anapura mbaazi. Aliendelea kupura Kyalo alipoanza kuongea, kisha akaacha.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili tu.

"Ulimwacha ameketi ama amelala?"

"Ameketi, Mwaitu."

"Kwenye kivuli?"

Hamisi aliangalia kando.

"Nakuuliza, mwanangu. Kulikuwa na kivuli?"

"Hapana. Kwenye jua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. Akaokota fimbo yake akaendelea na mbaazi. Hatukujua kama tuondoke. Baadaye alisema bila kututazama kwamba Musyoka tangu mdogo alikuwa anaumwa kichwa kwenye jua. Basi.

Jumanne, 29 Julai. Emali

Niko kwa mama yangu tangu wiki iliyopita. Nimefunga duka. Mama haulizi kitu. Ananipa ndengu nichambue, nachambua.

Jana nilipita stesheni. Hapo karibu ndipo nilipomwona Musyoka mara ya kwanza. Klabu yao ilikuja kushindana na vijana wa hapa. Mashindano yalikuwa yameisha, watu wameondoka, nikaona mtu anakuja polepole sana pembeni ya mzee mwenye baiskeli ya kubebea mikaa. Walikuwa wanaongea. Yule mzee hakuwa hata kwenye mashindano. Aliniomba maji, akampa mzee kwanza.

Sikuwahi kumuuliza walikuwa wanaongea nini. Nilidhani nina muda.

Mama amesema naweza kukaa, kuna kibanda karibu na soko, naweza kushona hapo. Hapa hakuna Ngazi. Hapa sitakutana na Kyalo dukani wala kanisani. Nimefikiria siku tatu. Hamisi alipiga simu kusema Kyalo hajahama, amebaki, watu wengine hawanunui tena kwake sokoni. Sikuuliza zaidi. Sikufurahi kama nilivyotegemea.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule zimefungwa. Ndanu ameniuliza kwenye simu aje Emali ama Mwingi. Nilisema nyumbani. Akauliza, "Nyumbani wapi, mami?" Nikasikia nimesema Mwingi. Nikapanda basi nifike kabla yake.

Nimemweleza yote jioni alipofika, kabla hajasikia kwa wengine. Kisha akauliza kama baba aliogopa. Nilimwambia Kyalo alisema alikuwa anacheka. Ni kweli, alisema hivyo. Tulilia wote wawili, halafu akaniomba nimsuke.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefungua duka. Sare tatu za shule, zipu moja. Jua kali leo, si kama Julai.

Kama saa tano Kyalo amepita upande ule mwingine wa barabara, amebeba gunia begani. Amekonda. Hakugeuka. Amefika kwenye duka la vyuma, akasimama, akarudi hatua chache, bado akiwa upande wake.

"Habari ya asubuhi, Mama Ndanu."

Gari lilipita katikati yetu. Likaenda. Alikuwa bado pale, gunia begani, anasubiri.

Nimesema, "Nzuri."

Akaondoka. Nimekaa kidogo bila kufanya kitu. Baadaye mama mmoja akaja kuulizia vifungo.