Mimi, Shemeji na Mtandao Uliopasuka

Jumatatu, 3 Machi

Mtandao wetu wa sarafu za kompyuta unapasuka Alhamisi. Wakubwa wameshindwa kuelewana: hawa kanuni mpya, wale za zamani. Kila sarafu itazaa pacha, mmoja kila upande. Kundini kwenye simu watu wanatukanana — kwanza kwa adabu, sasa waziwazi.

Mimi nabaki na za zamani. Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, amehamia mpya. Karakana ni moja: yeye mafriji, mimi redio. Asema mimi mbishi kama mlango wa kabati ulionyeshewa mvua. Nikamjibu mlango wa hivyo angalau wezi huuchoka.

Shida ni sarafu zetu za kununulia chumba hiki cha karakana. Zina funguo mbili, wake na wangu. Tulipanga hivyo baada ya msiba. Kila ufunguo hutia sahihi yake; bila sahihi zote mbili hazitoki.

Alhamisi, 6 Machi

Umepasuka. Hata mlio hakuna! Jana kompyuta yangu ilikuwa ikiongea na wenzake kibao. Kila kompyuta na jina alilolitunga mwenye nayo. Yangu ni Redio-Mbovu. Leo wamebaki wachache, tena wanaitikia kwa kusuasua.

Shemeji kapata mnunuzi wa pacha wa upande mpya. Anataka tutie sahihi leoleo, bei isije ikaporomoka. Nikamwambia ngoja. Pande hizi hazijawekewa kinga: malipo ya huku, mtu akiyanakili, yanapita na kule. Sahihi ni ileile. Mnunuzi atalipia pacha mmoja, aondoke na wote. Tuwatenganishe pacha hao kwanza, ni kazi ya siku chache tu.

Akasema subira yangu itatuzika.

Neno likatuchoma sote wawili. Akarudi kwenye friji lake, mimi kwenye redio isiyokuwa na ubovu wowote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetia sahihi.

Hatari niliijua kuliko yeye. Ila asubuhi nilimkuta anafungasha bisibisi zake. Moja moja, kwa upole, kama anayemtoa samaki miiba. Nikasema lete basi, nitie. Akazirudisha ukutani. Mchana kucha akapiga mluzi.

Bei ya mluzi, chumba kizima. Labda mnunuzi ni mtu mwema — wapo!

Jumapili, 9 Machi

Mnunuzi hayupo. Pacha wote wawili wameondoka. Mwizi hakuhitaji hata akili, kitufe tu.

Shemeji alisimama mlangoni. Akasema kwamba nilijua. Hakuwa anauliza. "Si nilikwambia" ilinifika kwenye meno, nikaimeza. Angeniuliza kwa nini nilitia, ningemjibu nini? Kwamba naogopa chumba kitupu?

Bisibisi kachukua. Friji moja kaacha, linanguruma peke yake. Tunafanana.

Jumanne, 11 Machi

Simu yake imezimwa. Mwenye chumba kapita kuuliza kama bado tunanunua. Nikamwambia shemeji yangu ndiye msemaji. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kompyuta, tangu asubuhi: hakuna aliyeunganishwa. Kanuni za zamani nazilinda mwenyewe, mlinzi wa nyumba isiyo na watu. Nilikuwa nanyoosha mkono niizime.

Akatokea mmoja.

Mgeni, wa upande huuhuu wa zamani. Nikavaa miwani nisome jina lake.

Mlango-wa-Kabati.

Nimekaa. Simpigii — simu yenyewe huenda bado imezimwa. Waya siugusi. Hata feni nimeizima, umeme usije ukazidiwa. Bado yupo. Friji linanguruma. Bado yupo