Papa, Pua Yangu Ilikuwa Imeshakufa

Kwako Papa, uliyelala Kalunguta, juu kidogo ya shamba la kahawa,

Barua hii ni yako, lakini si yako peke yako. Kesho Ijumaa nitaisoma kwa sauti mbele ya lango la kiwanda, wakati wenzako wanabadilishana zamu, kwa hiyo humu nitaeleza mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Nivumilie. Najua hukupenda maelezo marefu. Hata padri akizidisha mahubiri ulikuwa unakohoa makusudi.

Unakumbuka siku uliyorudi nyumbani Kimemi na kipande cha karatasi nyeupe, nene kama kadibodi, ukakiweka mezani katikati ya sahani za sombe, majani ya muhogo? Ulituambia kwamba ule ulikuwa mti, na kwamba kiwandani mngeugeuza kuwa uzi. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, akakuita kwa jina langu kama kawaida yake.

"Papa Masika, miti ya huku inatoa makala ya kupikia na mbao. Leo inatoa nguo?"

"Itatoa nguo," ukamjibu. "Batu ba Butembo bamechoka kubeba balo ya nguo toka Dubai. Sasa shiye benyewe tutafanya uzi."

Sijawahi kukuona na fahari kama ile, hata siku ya ndoa ya shangazi. Na mimi, niliyekuwa nimemaliza shule na kukaa tu, nilikuonea wivu.

Kwa wanaonisikiliza ambao hawajawahi kuvuka lango lile, niseme kwa kifupi. Karatasi zile zililowekwa kwenye soda kali, zikasagwa, zikachanganywa na dawa inayonuka kama kabichi iliyooza, mpaka zikawa uji mzito wa rangi ya asali. Uji ulisukumwa kupitia vitundu vidogo kuliko tundu la sindano, ukaingia kwenye birika la asidi, na humo ukaganda ukawa nyuzi. Chumba hicho cha birika ndicho kilikuwa chako. Baada ya mwaka mmoja ukaniombea kazi katika chumba cha pili, cha kukunjia.

Nilikipenda chumba kile, Papa, na bado nakiota. Nyuzi ziliingia zimenyooka, zimekusanywa kama kamba nene, rola mbili za chuma zikazibana na kuzishindilia ndani ya kisanduku chembamba, nazo zikatoka upande wa pili zimejaa mawimbi, kama nywele zilizofumuliwa baada ya kusukwa. Siku ya kwanza ulichomoa uzi mmoja, ukaulaza juu ya goti la suruali yako nyeusi, ukaniambia nihesabu mikunjo.

"Uzi yenye kunyooka inateleza," ulisema. "Haishike mwenzake. Hii yenye mawimbi inashikana, inaleta joto. Donc kazi yako ni kufanya nyuzi zishikane. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa nahesabu mikunjo hadi kwenye ibada, nikiangalia sweta ya mtu aliyeketi mbele yangu.

Sasa nifike penye shimo. Chini ya birika lenu kulikuwa na shimo ambamo nyuzi zilizokatika zilizama na kuziba mfereji, na kila Jumamosi asubuhi mashine ilizimwa ili mtu mmoja ashuke kuzizoa. Hewa mbaya ya birika ni nzito, hukaa chini. Kipimo cha hewa kilikuwepo, lakini kilipoharibika kiliwekwa kabatini ofisini, nasi tukaambiwa kingine kiko njiani. Kilikuwa njiani muda wote niliofanya kazi pale. Ndipo nyinyi wafanyakazi mkajitafutia njia yenu. Kila aliyekaa miezi michache mle ndani pua yake ilikufa, hakusikia tena harufu ya kabichi wala ya mayai viza. Kwa hiyo aliyeajiriwa mwisho ndiye aliyeitwa kwenye ukingo wa shimo, akainama, akanusa. Akikunja uso, mlifungua milango na kungoja. Akisema pako salama, mtu alishuka. Mlimwita Pua. Alipewa chupa ya maziwa, maana wote waliamini maziwa husafisha kifua, na hakuna aliyemtania. Pua yake ikifa ilimpasa aseme mwenyewe, kisha apelekwe uani kubeba mabalo ya nyuzi mpaka nafasi ipatikane ndani.

Mimi nilikuwa Pua. Jumamosi yangu ya kwanza ulinishika kitenge kwa nyuma ili nisitumbukie, na ukaninong'oneza, "Usinuse na haya. Nusa sawa mama yako anusaga samaki ku soko." Wote wakacheka. Nikakunja uso, milango ikafunguliwa, mkangoja. Baadaye ulinipigapiga begani mbele yao, wewe ambaye hukuwa mtu wa kushikashika watoto. Nadhani ni mkono ule begani ulionifanya nitake kuwa Pua siku zote.

Lakini wewe ulikuwa umeshaanza kuharibika, na sisi tulikuwa tunakuangalia. Uliyekuwa unamtungia Mama uzi kwenye sindano, mikono yako ikaanza kutetemeka hata kwenye kikombe. Macho yalikuwasha, ukaniambia kwamba unaona duara kuzunguka kila taa. Siku moja ulirusha sahani ukutani kwa sababu chumvi ilipungua, halafu ukakaa chini ukalia, ukimwuliza Mama nani amevunja sahani. Ulimsahau jina Kahindo, binti yako wa mwisho, ukamtazama akipita na ndoo kama mtoto wa jirani. Mama alisema umerogwa na mtu mwenye wivu wa kazi yako. Mimi nilijua si uchawi. Wazee wote wa chumba cha birika walikuwa hivyo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisema ni uchovu tu.

Jumapili ya mwisho tuliyokwenda kanisani pamoja ilikuwa ya sikukuu, na chetezo cha ubani kilipitishwa katikati ya kanisa. Moshi ulikuwa mzito. Mama alikohoa, mwanamke wa kando yangu akaziba pua kwa leso, wewe ukafurahi kwamba umepata sababu ya kukohoa. Mimi niliona moshi ukinipita usoni, na sikusikia kitu. Niliuvuta kwa nguvu. Hakuna. Nilikuwa kama nanusa maji.

Nilirudi nyumbani nikanusa kitunguu, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa kwapa langu mwenyewe. Nikajiambia ni mafua. Jumatatu nikaenda kazini. Nilikuwa na siku tano kamili za kukuambia, Papa. Tulitembea pamoja asubuhi na jioni, wewe ukikanyaga polepole kwa sababu miguu ilikufa ganzi, na kila siku nilifungua mdomo nikaufunga. Nilijua nikisema nitatolewa kwenye mashine yangu na kupelekwa uani, kwenye mvua, chini ya mabalo. Niliogopa mabalo. Nimetafuta sababu nyingine iliyo bora kidogo, na sijaipata.

Jumamosi shefu, msimamizi wa zamu yetu, aliniita. Ilikuwa zamu yako kushuka. Niliinama kwenye ukingo, nikanusa, nikasikia kile nilichosikia kanisani. Hakuna. Na hilo "hakuna" halikuwa na maana yoyote, nilijua vizuri kwamba halina maana.

"Masika," ukaniuliza, "uko nasikia nini?"

"Sisikie kitu, Papa. Iko bien."

"Kweli?"

"Kweli, Papa."

Ukashuka. Ngazi tatu tu. Hukupiga kelele, hukuita mtu. Ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, kichwa kikaegemea ukuta. Walikuvuta kwa kamba, na ulipofika juu uso wako ulikuwa bado umetulia, kwa sababu ulikuwa umeniamini.

Wakati wengine wanakubeba, shefu alinivuta pembeni. "Masika, leo weye hukuitwa. Umesikia? Muzee alishuka yeye mwenyewe, hakuuliza mutu. Batu ba serikali bakijua mambo ya Pua, batafunga kiwanda, shiye bote tutakula nini?" Nilitikisa kichwa kukubali. Sikukubali kwa ajili ya kiwanda. Nilikubali kwa sababu alikuwa amenipa mlango wa kutokea, nami nikaingia mbio.

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti, kwamba ulikuwa mkaidi, ulishuka bila kuuliza. Ndivyo walivyosema kwenye matanga, kwa sauti ya chini, wakimpa Mama pole. Na Mama aliamini, kwa sababu mwaka ule wa mwisho ulikuwa kweli mkali na mkaidi. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, kila mwezi anaomba misa ili Mungu akusamehe kiburi chako kilichotuacha yatima. Nilihudhuria misa mbili. Ya tatu sikuiweza, nikakimbilia Beni kwa shangazi. Nauza vitambaa sokoni. Wateja wananisifu kwamba naujua uzi kwa vidole tu. Hawajui kwamba vidole ndivyo vilivyobaki, kwamba hata chakula nakipika kwa kumwuliza shangazi kama kimeiva.

Kiwanda kilifungwa kidogo, kikafunguliwa tena, lango limepakwa rangi. Miezi michache iliyopita Kahindo aliniambia amepata kazi katika chumba cha kukunjia, nami nikajidanganya kwamba baada ya kifo chako kipimo lazima kilishafika. Sikumwuliza. Nilikuwa na miaka mitatu ya mazoezi ya kutouliza. Jana akanipigia simu mimi yaya wake, dada yake mkubwa, akicheka.

"Yaya, Mama amenigombeza! Maharage imeungua, moshi imejaa jikoni, mie niko palepale nasuka nywele. Sikusikia hata kidogo!"

Nikamkatiza kicheko. "Kahindo, ku kazi unafanya nini Jumamosi?"

"Mais yaya, hukujua? Ni mie Pua. Maziwa naletea Mama."

"Umewaambia kama pua imekufa?"

"Nikisema, batanipeleka ku mabalo."

Sikumgombeza, Papa. Ningemgombeza na mdomo gani? Nilimwambia yote, kuanzia chetezo mpaka ngazi ya tatu. Leo asubuhi amekwenda kumwambia shefu, yuleyule, na shefu hakukasirika. Amemtuma uani, na nafasi yake ameshaijaza na msichana aliyetoka Luofu, ambaye bado anasikia aibu kuinama mbele ya wanaume. Keshokutwa ataitwa ukingoni. Pengine pua yake ni nzima Jumamosi hii. Na ijayo? Nani atajua siku ambayo atarudi kutoka kanisani na siri yake, na nani atakuwa zamu siku hiyo?

Ndiyo maana nitaisoma barua hii langoni, nikiwataja wote kwa majina yao, hata shefu, hata mimi. Ninyi mnaoshuka, msiulize tena pua ya mtu. Ombeni kipimo, na kama hakipo, msishuke. Ninajua nitakayopata. Wapo watakaonitemea mate, na wakinipeleka mbele ya sheria nitaenda. Barabara ya Butembo wanasema imetulia wiki hii, wenye bunduki hawajaonekana, na sisi wa Beni tunajua utulivu wa barabara ile haumpi mtu usingizi, lakini gari la kwanza asubuhi nitakuwa ndani yake.

Kabla ya kuja ilinibidi nimwambie Mama, asije akayasikia langoni pamoja na watu. Kahindo alimpa simu mchana huu. Nilisema kila kitu bila kupumzika, kama mtoto anayesoma kwa sauti shuleni, na nilipomaliza nikangoja anilaani. Nilisikia kuku wake, nilisikia jirani akipiga nyundo kwenye bati. Mama hakunitaja kabisa.

"Kumbe aliuliza," alisema.

"Aliuliza, Mama. Aliuliza mara mbili."

"Mungu wangu. Aliuliza." Akarudia tena na tena, polepole. "Papa Masika, uliuliza, na mie nilikusema vibaya kwa Mungu kila mwezi." Kisha simu ikakatika, au aliikata. Hakuniambia nije, wala hakuniambia nisije.

Naja, Papa. Uniage vizuri kwa safari hii, huko uliko, maana mimi sikukuaga, nilikudanganya.

Binti yako wa kwanza,
Masika