Mgeni Aliyekataa Chai Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Mwanangu Tumaini amemwagia chai barua ya kwanza sasa hivi, naanza upya. Sie wa Kinondoni wazima. Usicheke nikikuita mjukuu. Bibi yako ni dada yangu, basi mie ni bibi yako, hata kama bado nanyonyesha.

Unauliza kama nahamia kwa Wamormoni. Jamani! Yule mama Mmarekani ninayemfulia nguo, muumini wa kanisa hilo, alikuja kunitembelea, nikapika chai ya maziwa, akaikataa. "Dini yetu hatunywi chai wala kahawa." Mgeni gani huyo? Halafu akasema kwao aliye hai hubatizwa kwa niaba ya marehemu.

Nikamfikiria mama yangu, maana alikufa bila ubatizo. Nikamuuliza mwinjilisti wetu wa Kilutheri alipokuja kwangu, nikampa chai. "Sisi hatubatizi wafu, mama Tumaini. Amekwishachelewa." Akamaliza chai, akaomba nyingine!

Wote wamenichosha. Ila yule Mmarekani aliniuliza mama aliitwa nani. Tangu nije mjini, kanisani hajaniuliza mtu. Sihami, lakini Jumapili nitamwomba mwinjilisti amtaje mama kwenye sala. Akikataa, nitasimama mwenyewe niseme aliitwa Nakunda, na kwamba ali... ngoja, mama mkwe ananiita, Tumaini kashika tena kikombe cha chai