Alisema Hajawahi Kuvuta Sigara

Jumapili, mawingu juu ya Mbita tangu asubuhi. Ziwa limetulia. Mimi ndiye sijatulia.

Mdogo wangu Owino haniongeleshi tangu jana. Sijui kama nilimsaliti au nilimsaidia.

Owino anafanya kazi kwa hoteli ndogo kisiwani Takawiri, anavusha wageni kwa boti. Kuogelea hakuna aliyewahi kumshinda. Juzi kamba ya boti ilikatika, boti ikaanza kwenda na maji. Akajitosa kuifuata kama kawaida yake. Kabla ya kuifikia, pumzi ikamwisha. Wavuvi walimvuta kwa shati mpaka mchangani hapa Mbita, nikamkuta anatapika maji.

Owino! Huyu wetu wa kucheza na ziwa!

Jana nikampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza, "Kijana, unavuta sigara?"

"Hapana, daktari. Sijawahi."

Na ni kweli. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa unadanganya. Mdomo ukanifunguka: "Anavuta shisha. Kila wikendi, na wenzake."

Owino akanigeukia. "Ile si moshi, ni mvuke tu. Inapita kwa maji, inasafishwa."

"Maji yanaupoza tu moshi," daktari akasema kwa upole. "Sumu inapita. Na moshi wa yale makaa unaenda wapi, kama si kifuani?" Kisha akauliza ni wangapi wanapokezana bomba moja. Owino akaangalia chini. Ikabidi apimwe TB pia.

TB hana, Mungu asifiwe. Lakini pumzi, daktari alisema, ataipata akiacha.

Nyumbani Mama akataka kujua shisha ni kitu gani. Nikamweleza: tumbaku yenye ladha ya matunda, inavutwa kwa bomba la maji.

"Ile harufu ya matunda kwa nguo zake? Nyathina, mwanangu, mimi nilidhani ni pafyumu. Nilikuwa namsifu."

Sikujua nicheke au nilie. Sigara tungeinusa kutoka mlangoni, nyumba yote ya watu wa kanisa ingelipuka. Hii iliingia ikinukia kama keki. Serikali ilishaipiga marufuku, lakini wageni wanaibeba kwa mabegi, na vijana wetu wanaikaribisha.

Kesho Owino anarudi kisiwani, kwa marafiki wale wale. Nimkataze? Ni mtu mzima. Ninyamaze? Nimeshaona alivyolazwa mchangani, midomo imebadilika rangi.

Nitamsindikiza mpaka kwa boti, na nitamwambia tena, hata asiponijibu.

Afadhali aninunie akiwa hai.