Kiwanja cha Mama Kule Jorodom

Maretadu, Mbulu

Dada yangu Marieta,

Shikamoo. Natumaini joto la Morogoro halijakuchosha, na kwamba shemeji na watoto ni wazima. Sisi huku hatujambo. Baridi tu ndiyo inatubana, ila maharage yamekubali mwaka huu. Mke wangu Eva anakusalimu sana.

Ulisikia kwamba nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya msitu wa kijiji. Tulipoitwa semina Mbulu mjini, mwalimu wetu, Safina, alitutaka viongozi tuandike kila jioni, siyo taarifa ya ofisi, bali yale tuliyoyaona na jinsi mioyo yetu ilivyoyapokea. Mzee Tito wa kamati yetu alicheka, akasema hayo ni mambo ya wasichana wa sekondari. Na mimi nilicheka. Lakini nilianza.

Mwanzoni niliandika habari za miti iliyokatwa tu. Kisha, sijui ilikuwaje, nikajikuta naandika utoto wetu Jorodom: ulivyonibeba mgongoni kwenda chemchemi, na mama akitukataza kuvunja tawi bichi tunapookota kuni. Hata wimbo wake wa kupalilia nilikuwa nimeusahau. Ulinirudia nikiwa nimeshika kalamu.

Halafu jirani yetu Hilary akafyeka miti ya miringaringa juu ya chanzo cha maji. Nilimfokea mbele ya mkutano, nikataka afukuzwe kijijini. Watu waliniogopa. Jioni nilipokaa kuandika nikajiuliza hasira ile ilitoka wapi, na mkono ukaandika neno moja: tope. Dada, sikuwa nikimwona Hilary. Nilikuwa nauona mlima Hanang ukiporomokea nyumba ya mama.

Asubuhi nilikwenda kwake, nikamweleza jinsi tulivyompoteza mama. Akasema, “Mwenyekiti, ungeniambia hivi jana, nisingekubishia.” Akanieleza kwamba shamba lake la bondeni lilichukuliwa na maji, ndiyo maana alihamia kulima kule juu. Sasa kijiji kimempa sehemu nyingine ya kulima, na yeye mwenyewe ndiye anayeotesha miche ya kurudishia pale.

Basi nikwambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu: kwenye simu ningelia. Tangu mazishi sikuwahi kukanyaga Jorodom. Juzi nilikwenda kuonana na yule mnunuzi wa kiwanja cha mama, kama tulivyokubaliana. Nikakuta majani yameota pale palipokuwa jikoni kwake. Nilishindwa, dada. Nilimkatalia bila kukuuliza.

Nataka tupande miti pale, ile ya asili. Najua ulisema hutaki hata kupasikia. Ukikataa nitakuelewa, na mnunuzi bado yupo. Ila ukikubali, njoo kabla mvua hazijakatika. Sitaki kupanda mti wa kwanza peke yangu.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na watoto uwakumbatie kwa niaba yetu. Mungu awatunze.

Mdogo wako,
Nicodemo